Mahali Pasafi Kuliko Pote

Mpaka leo wapo watu wa mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, wasiolijua jina langu. Wananiita Katibu. Mwezi uliopita nilipoteremka kwenye msiba kule Matwebe, na mvi zangu na goti langu bovu, mama mmoja aliyekuwa anamenya ndizi chini ya turubai aliinua kichwa akasema, "Jamani, Katibu kaja," na wenzake wote wakageuka, wakanisogezea kigoda. Ukatibu wenyewe niliushika mwaka mmoja tu, katika kamati ya usafi ya mtaa, nikiwa na miaka ishirini na moja. Baadaye nilipata vyeo vyenye ofisi na mihuri, vyote vikapita. Hiki hakipiti. Nikiitwa hivyo huitika kwa uchangamfu, maana sijui nitawaelezaje watu kwamba jina walilonipa kwa mapenzi ndilo linalonichoma.

Tuliyekwenda kumzika ni mama Ipyana. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, najitolea ofisi ya kata huku nikisubiri nafasi ya chuo, na yeye ndiye aliyenipa chumba cha uani katika nyumba waliyopanga yeye na mumewe. Kilikuwa chumba chembamba, kitanda cha kamba, meza moja, na kati yangu na jiko palikuwa na ukuta wa mbao zilizopishana. Asubuhi ukungu uliingia kwa juu, pale bati lilipoachana na ukuta, na moshi wa jikoni ukaingia kwa pembeni, vikakutana kichwani pangu. Kupitia mbao zile nilisikia kila kitu: sufuria, kikohozi, mtoto Ipyana akikataa kuoga, na mama yake akicheka kwa sauti ya chini huku, najua, amejiziba mdomo kwa pembe ya khanga. Hakuwa mkubwa sana kwangu. Alikuwa na miaka kama ishirini na minane, lakini alikuwa na mume, mtoto na jiko, basi mimi nikawa mtoto wa nyumba. Hatukuwahi kupatana kuhusu chakula, ilikuwa chumba tu, ila kila jioni aligonga mbao mara mbili. "Katibu, hizo karatasi zinashibisha?" Nami ningetoka na sweta langu, nikaketi karibu na moto, nikapewa sahani ya mbalaga, zile ndizi zao za kupika zilizolainika mpaka mchuzi umekuwa mzito, na kikombe cha maziwa ya mgando pembeni. Nimekula mahali pengi tangu hapo, na bado nikisikia njaa ya kweli ninachokitamani ni sahani ile.

Kamati ilianza kwa sababu ya mitaro. Tukuyu mvua haiji na kuondoka, ni mkazi wa pale, na mitaro ya Bagamoyo ilikuwa imejaa mifuko ya plastiki, maganda, matambara na majani ya migomba, hivyo maji yakawa yanapita milangoni mwa watu. Watoto waliharisha kila wiki. Bwana afya alikuja, akatuonya, akaondoka, na mjumbe wetu, mzee mpole aliyependa mambo yaishe mapema, akaitisha mkutano wa kuomba watu wa kujitolea. Nilinyanyua mkono kabla hajamaliza. Nilijua kuandika, nilipenda orodha, na nilikuwa na umri ule ambao mtu anadhani uchafu ni ukosefu wa mpangilio tu. Nikapanga nyumba kwa nyumba: nani atafyeka, nani atazoa, nani ataleta toroli. Na watu wakaja! Hilo silisahau, na silitaki lipotee katika huzuni ya mengine. Jumamosi asubuhi, ukungu haujainuka, walitoka akina mama wachuma chai siku yao ya mapumziko, wenye maduka wa Kiislamu wa barabarani na majembe mapya waliyoazima kutoka rafu zao, vijana, wazee, wote wamevaa viroba mabegani kujikinga na manyunyu. Tuliimba. Tulitaniana. Baba Ipyana, aliyekuwa dereva wa lori la majani ya chai, alikuwa na mzaha mmoja tu, kwamba nitaolewa na reki, na tulicheka kila aliporudia. Kwa wiki tano mitaro ilionekana sakafu yake, na mimi nilitembea mtaani kifua mbele.

Tatizo likawa pa kutupa. Tulizoa taka mtaroni, tukazilundika kando, mvua ikazirudisha mtaroni. Ilibidi tujenge kizimba, ukuta mfupi wa matofali pande tatu, ambamo mtaa mzima utatupa, na gari la halmashauri litachukua. Nilizunguka siku mbili na daftari nikitafuta mahali. Kila penye uwazi palikuwa pameshafanywa jalala, isipokuwa mahali pamoja. Nyuma ya nyumba yetu, hatua kama thelathini kutoka jikoni, palikuwa na kona ya ardhi ya mtaa iliyoota matete, na katikati ya matete kulikuwa na maua mekundu yenye majani mapana, yale yanayopenda unyevunyevu. Pale hapakuwa na ganda wala mfuko hata mmoja. Mahali pasafi kuliko pote Bagamoyo. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini katika mtaa ule wote, ambao watu walitupa taka hata mlangoni kwa jirani, hakuna aliyetupa pale. Mimi niliandika: "Pako wazi, hapatumiki."

Mkutano ulikuwa barazani kwa mjumbe, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Niliposoma pendekezo langu, wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Upande wa mikeka pakawa na ukimya. Halafu mmoja akasema pale pana maji chini, kizimba kitadidimia. Nikamjibu kwamba tutaweka mawe. Mwingine akasema pana nyoka. Nikamwambia nyoka wanakaa penye majani, tukifyeka watahama. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu lilinifurahisha. Mwisho akasema bibi Tusekile, mzee aliyewazalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, mwenye Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake.

"Mwanangu, pale si pazuri."

"Kwa nini, bibi?"

"Si pazuri tu."

"Bibi, tunahitaji sababu."

Alitazama mabenchi ya wanaume, akatazama watoto waliokuwa wanacheza chini ya ngazi, akanitazama mimi, msichana ambaye hajazaa. Akavuta khanga yake. "Basi," akasema. Ndipo baba Ipyana akasimama kunitetea, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa nyumba yake. Akasema, "Mimi ndiye nakaa karibu kuliko wote na sioni ubaya. Panafaa. Katibu ametumia akili." Mkewe alikuwa amekaa ukutani na kikombe cha chai mikononi. Nilimwona akiinamia kikombe kile, nikadhani anaona aibu ya mume wake kumsifu msichana mbele za watu. Katika muhtasari niliandika kwamba bibi Tusekile alipinga na kwamba sababu haikutolewa.

Jumamosi iliyofuata niligawa kazi kwa utaratibu wangu wa kawaida, nyumba iliyo karibu ndiyo inayofyeka, hivyo kona ile ikaangukia nyumba yetu. Baba Ipyana alikuwa safarini na lori. Nikampa mama Ipyana fyekeo. Alilipokea kwa mikono miwili, kama desturi, akashukuru: "Ndaga." Alianza pembeni. Alifyeka matete kwa mzunguko, polepole, akisimama kila mara, na kila mzunguko alibakiza yale maua katikati. Wenzake walikuwa wameshamaliza mtaro, wamesimama na majembe wakisubiri kupanga matofali, na manyunyu yalikuwa yanageuka mvua. Nikapaza sauti. "Mama Ipyana, hayo maua unayaogopa? Au tukusubiri mpaka Krismasi?" Vijana wakacheka. Wanaume wakacheka. Nakumbuka sasa, ingawa siku ile sikujali, kwamba hakuna mwanamke aliyecheka. Yeye alisimama akiwa ameliegemea fyekeo. Basi nikaenda, nikalichukua mkononi mwake, nikayafyeka maua yale mwenyewe. Yalikuwa laini, hayakunipa kazi hata kidogo. Bibi Tusekile akasema tu, kwa sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Msichimbe! Jengeni juu." Nikamshukuru kwa kutuokolea nguvu.

Mchana mama Ipyana aliwapikia watu wote. Ndiyo, alipika. Alichemsha ndizi zilizotoka Igogwe mkungu mzima, na maharage, na akagawa kwa mikono yake pale uani watu wakila wamechuchumaa chini ya upenu. Tulipomaliza, mjumbe akataka kizimba kizinduliwe. Nikaingia jikoni nikachukua ndoo ya maganda aliyoyamenya, nikaibeba mpaka kule, nikaimimina, na watu wakapiga makofi. Niliporudi na ndoo tupu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, uso ameuelekeza kwenye moto. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema moshi.

Kizimba kilifanya kazi. Niseme kweli, kilifanya kazi vizuri sana, na hilo ndilo lililofanya kisiondoke. Mitaro ilibaki wazi, maji yakapita, mtaa wa jirani ukaja kutazama. Ila mtu mmoja hakukitumia. Mama Ipyana, ambaye alihitaji hatua thelathini tu, alibeba taka zake kichwani hadi shimo la sokoni, kupanda kilima, kwenye utelezi. Nilimwona mara tatu, nne. Nilikereka. Nikajiambia ni ukaidi, ni mambo ya mkutano ule. Mwezi uliofuata, nikisoma taarifa ya kamati barazani, nikamtaja. Sikumtaja kwa ukali, nilimtaja kwa mzaha, na mzaha una ukali wake. Nikasema wapo watu ambao kizimba kiko mlangoni kwao na bado wanapeleka taka matembezi. Watu wakageuka kumtazama. Aliinuka, akasema, "Samahani, Katibu," akakaa.

Ilikuwa siku mbili baada ya hapo. Mvua ilikuwa kubwa, ofisi ilifungwa mapema, nikarudi mchana nikajilaza chini ya mablanketi mawili, na jikoni hawakujua kuwa nipo. Mama Ipyana alikuwa anamenya ndizi na bibi Tusekile alikuwa amekuja kuota moto. Walizungumza Kinyakyusa, ambacho kufikia wakati ule nilikielewa vya kutosha.

"Mtoto huyu anakusema mbele za watu, wewe unamwomba samahani," bibi alisema. "Niache nimwambie."

"Usimwambie."

"Mimi ndiye niliyemvisha khanga. Mimi ndiye niliyemlaza pale, na maua nikayapanda kwa mkono wangu ili watu wasipite juu yake. Leo wanammwagia maganda. Na baba yake mwenyewe kasimama kasema panafaa."

"Baba yake hana kosa. Aliambiwa imekwisha, basi. Ulimwambia ni wapi?"

"Mtoto aliyezaliwa asilie, wanaume hawaambiwi amelazwa wapi. Wewe unajua. Hatumlilii, hatuweki matanga. Lakini huyu msichana nitamwita peke yake, nimwambie."

Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea. "Bibi, usimwambie. Akijua, hataweza tena kula kwangu. Na kwao ni mbali."

Nililala pale na macho wazi, mbao zikiwa karibu na uso wangu. Nilielewa yote kwa mara moja, ukimya wa mikeka, nyoka, maji ya chini, fyekeo lililozunguka maua. Wanawake wote wa mtaa ule walijua, na hawakuwa na namna ya kusema mbele ya wanaume na mbele yangu, kwa sababu jambo lile halisemwi. Walinipa kila sababu waliyoruhusiwa kunipa. Mimi nikazijibu zote. Jioni mbao zikagongwa mara mbili. Nilitaka kukataa, nikasikia lile neno, hataweza tena kula kwangu, nikavaa sweta nikatoka. Alinipa sahani, nikaketi mahali pangu, nikala. Nilikula sahani nzima, nikasema tamu, nikaomba nyongeza. Yeye akanitazama, akaniongezea.

Nilijaribu kukihamisha. Mkutano uliofuata nikapendekeza kizimba kipelekwe karibu na barabara. Mjumbe akashangaa, diwani alikwisha kukisifu, vijana wakasema hawarudii kubeba matofali. Baba Ipyana akauliza, "Katibu, si wewe uliyepachagua?" Wakaniuliza sababu. Nilitazama mikeka. Wote waliinamisha vichwa, na mama Ipyana akatikisa chake, kidogo sana, mara moja. Nikasema basi. Mwisho wa mwaka nafasi ya chuo ikatoka, nikafunga mzigo wangu, na yeye akanisindikiza mpaka stendi na maparachichi kumi kwenye kikapu. Niliona haya kuyapokea. Niliyapokea.

Nilirudi mara nyingi. Kila baada ya miaka miwili, mitatu, nilipita na sukari, khanga, na zawadi za Bupe, binti aliyezaliwa baada ya mimi kuondoka. Baba Ipyana akafariki, Ipyana akahamia Dar, bibi Tusekile akafariki. Kila mara niliingia jikoni pale nimedhamiria kusema, nikapewa sahani, nikala, nikaondoka. Nilijifariji kwa jambo moja. Nilijiambia kwamba angalau nimemtunzia alichokitaka, kwamba hakuwahi kujua kuwa najua. Ni faraja ya mwoga, lakini nilikaa nayo miaka mingi, na nilifika mahali pa kuona kama nimefanya wema.

Tulimzika Matwebe, kwa wakwe zake, kwenye migomba, kando ya mumewe. Siku ya nne, shughuli zilipopungua, Bupe aliniomba nimsindikize mjini kutoa vitu vya mama yake, maana nyumba ile ya Bagamoyo aliendelea kuipanga mpaka mwisho. Bupe ana umri unaozidi ule wa mama yake wa mwaka ule, na ana mikono yake. Tulikunja magodoro, tukafunga vyombo. Chumba changu kilikuwa stoo ya mkaa. Alipofika kwenye vyungu alikaa chini, akasema bila kuniangalia:

"Mama mdogo, kuna kitu mama aliniambia akiwa wodini. Alisema nina mwenzangu mmoja aliyetangulia, na yuko hapa mjini. Nikamuuliza wapi. Akasema, muulize Katibu, yeye anajua."

Nikaiweka chini sufuria niliyokuwa nayo.

"Nikamuuliza, Katibu alijuaje? Akasema siku ile alikuwa na mawazo, akapika ndizi bila chumvi kabisa. Akazionja baadaye, zikamshinda. Na wewe ulimaliza sahani, ukasema tamu, ukaomba nyongeza. Akasema, hapo nikajua amesikia."

Nilikaa juu ya godoro lililokunjwa, nikalia mbele ya mtoto niliyemletea magauni, nikalia kwa sauti. Chumvi siikumbuki. Nimejaribu, na siikumbuki kabisa. Miaka yote ile alinipa chakula akijua ninachokijua, na mimi nilikuwa nakula nikidhani ninamlinda. Bupe alinisubiri. Nilipotulia nikamweleza yote, mkutano, fyekeo, ndoo ya maganda, maneno yangu barazani. Hakunikatiza. Kisha akasimama akasema, "Twende unionyeshe."

Kizimba bado kipo. Kuta zimeongezwa tofali mara mbili, zimekuwa nyeusi kwa kuchomewa taka, na siku ile kilikuwa kimefurika hadi njiani kwa sababu gari lilikuwa halijapita. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Dada mmoja wa nyumba ya jirani alikuja na beseni, akamwaga, akatusalimia, akaondoka zake. Nikamwonyesha Bupe kwa mkono, katikati, kidogo upande wa kushoto, pale maua yalipokuwa. Alipatazama kwa muda mrefu. Hakulia. Akavuta khanga begani, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza jambo ambalo mwenzake hawezi kukosa kulijua:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Nilikuwa nimebeba siku ile karibu maisha yangu yote, na katika yote niliyoyabeba nilikuwamo mimi tu, sauti yangu, mkono wangu, aibu yangu. Bibi Tusekile, aliyemvisha khanga, hayupo. Mama yake tumemfukia juzi. Kwa miaka yote ile niliketi mbele yake na sahani mkononi, na lilikuwa swali la maneno sita.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sikuwahi kuuliza."